Tetekuwanga imemnyima mwanangu usingizi, nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Ni mama wa watoto wawili, nipo Konde, Pemba. Mwanangu wa kiume, miaka 4, kilo 16, alianza kutoka vipele vya maji Jumapili usiku, kwanza kifuani, sasa vimefika kichwani na mdomoni. Kituo cha afya wamesema ni tetekuwanga, wakatupa parasetamoli tukarudi nyumbani. Mchana ana nafuu lakini usiku halali, anajikuna mpaka damu. Mama mkwe hataki aogeshwe, anasema maji yatavirudisha vipele ndani, na anampaka liwa, ule mti wa manukato unaosuguliwa kwa maji. Jirani kaniletea mafuta ya karafuu. Ninaye mdogo wa miezi 7 anayenyonya, na wifi yangu ni mja mzito, sote tunakaa nyumba moja. Tena Ijumaa ya wiki ijayo kuna harusi Unguja na tiketi za boti tumeshakata. Leo Jumatano nimechoka, sijui nishike lipi.

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu, na pole. Nitakuja kwenye muwasho, lakini kuna mtu umemtaja kwa nusu mstari tu na jambo lake halingoji. Ni wifi yako. Kamuulize sasa hivi kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Kama hakumbuki, mama yake mnaye hapo hapo nyumbani. Mama mkwe wako ndiye mwenye jibu. Ikiwa aliugua utotoni, karibu kwa hakika ana kinga yake na hana la kuhofia. Ikiwa hakuugua, au hakuna anayekumbuka, basi leo hii aende hospitali, asisubiri kuona kipele. Afike akiwa amevaa barakoa na aseme mlangoni kwamba amekaa na mgonjwa wa tetekuwanga, ili asikalishwe benchi moja na wajawazito wenzake. Zipo hatua za kumkinga au kumpunguzia makali, lakini zina siku zake, na siku zimeshaanza kuhesabika tangu kabla vipele vya mwanao havijaonekana.

Nasisitiza kwa sababu kwetu watu hudhani tetekuwanga ni maradhi ya watoto tu, kila mkubwa ameshayapita. Sivyo. Katika nchi za joto kama zetu wengi hufika utu uzima bila kuyapata, na mtu mzima huyaugua vibaya kuliko mtoto. Mja mzito anaweza kupata nimonia kali. Akiugua miezi ya mwanzo mtoto tumboni anaweza kudhurika, ingawa si mara nyingi. Na vipele vikimtoka siku chache kabla au mara tu baada ya kujifungua, mtoto huzaliwa hana kinga na anaweza kuugua vibaya sana.

Haya, sasa kijana wako.

Uliyoyaeleza yanalingana na walivyokwambia kituoni: kimeanza kifuani, kikapanda kichwani, kimeingia mdomoni, na kila kipele ni kama tone la maji lililokaa juu ya ngozi nyekundu. Ukimtazama leo utaona vya aina zote pamoja, vingine vinachomoza, vingine vimejaa maji, vingine vimeshaanza kukauka. Hiyo ndiyo alama ya tetekuwanga. Shurua haitoi maji, na huja na kikohozi na macho mekundu. Upele hukaa zaidi baina ya vidole na viganjani, na huwasha nyumba nzima. Homa ya nyani, ambayo siku hizi watu wanaiogopa, vipele vyake huwa vya umri mmoja, vigumu, aghalabu viganjani na nyayoni, na tezi huvimba. Ukiona hivyo mrudishe kituoni. Kama kuna mzee hapo anayesema ni ndui, mpoze moyo. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980.

Vipele hutoka kwa mafungu, siku 3 mpaka 5 hivi, kisha havitoki vipya. Kwa hesabu yako leo ni siku ya tatu. Maana yake upo kwenye kilele. Usiku wa leo na wa kesho ndio mzito, wa keshokutwa pengine utaona tofauti. Ukilijua hilo hata nguvu za kukesha unazipata.

Kwa nini mchana afadhali? Mchana ana wenzake, ana kuku wa kuwakimbiza. Usiku hana la kumshughulisha ila ngozi yake, na ngozi ikipata joto chini ya shuka mishipa ya damu hutanuka na muwasho unapanda. Jasho nalo linachoma pale palipochubuka. Kwa hiyo kazi yako ni mbili tu: ipoze ngozi, na kucha zisiifikie. Kujikuna hakumuenezei vipele mwilini kama watu wasemavyo, maana virusi vinasafiri kwa damu. Ubaya wa kucha ni kwamba zinaingiza vijidudu vya uchafu kwenye kidonda, na hapo ndipo tetekuwanga nyepesi inapogeuka usaha, homa mpya na makovu ya vishimo.

Anza na kucha hizo, kabla hujamaliza kusoma. Zikate fupi, zipige tupa zisiwe na ncha, na mwoshe mikono kwa sabuni mara kwa mara. Usiku mvike soksi safi za pamba mikononi. Atazivua mara mbili, ya tatu atachoka.

Kama saa moja kabla ya kulala, mkalishe kwenye beseni kubwa dakika 10 mpaka 15. Maji yawe ya vuguvugu dogo, ukitia kiwiko usihisi moto wala baridi. Maji ya baridi sana yatamtetemesha, ya moto yatamuamshia muwasho upya. Sabuni iache, au tumia kidogo isiyo na manukato sehemu za lazima tu. Ukiwa na oti, zile shayiri za mkebe, twanga konzi moja ziwe unga, zifunge ndani ya kitambaa safi na ukikamue majini mpaka maji yawe meupe kama tui la pili. Huna oti? Chukua nusu kikombe cha wanga, ule ule wa kupikia halua, uvuruge kwanza kwa maji kidogo kisha umimine kwenye beseni. Vijiko vichache vya soda ya kuumulia keki navyo vinasaidia. Lakini magadi ya kuivishia maharage usiyaguse, ni makali na yanachoma ngozi iliyo wazi. Nasema hivi kwa kuwa nimeshaona mama mmoja akichanganya viwili hivi, kwa nia njema kabisa.

Akitoka majini usimsugue. Mguseguse kwa kanga kuukuu mpaka akauke, kisha mpake losheni ya kalamaini juu ya vipele, ukiepuka macho, mdomo na vidonda vilivyo wazi. Tikisa chupa kwanza, na kama mna friji iweke humo; ikiwa baridi inafaa mara mbili. Kalamaini haiponyeshi kitu. Inapoza ngozi wakati inakauka, basi, na ndiyo maana unaweza kuirudia mara 3 au 4 kwa siku.

Kumlaza: fulana nyepesi ya pamba au kanga iliyofuliwa mpaka imelainika, pasiwe na nailoni wala blanketi. Feni iwe inamzungukia. Umeme ukikatika, fungua dirisha na shika upepeo, lakini chandarua kibaki, kwani kuumwa na mbu juu ya vipele ni mateso juu ya mateso. Weka karibu bakuli la maji ya mtungi na vitambaa viwili. Mtungi wa udongo unapoza maji kuliko ndoo ya plastiki, wazee hawakukosea hapo. Akiamka kulia, mwekee kitambaa kilichokamuliwa mahali panapomuwasha, na mfundishe kupapiga kwa kiganja badala ya kukuna. Kisha mwanzishie paukwa, ajibu pakawa. Usicheke. Mtoto anayesubiri kujua sungura alitokaje kisimani husahau mgongo wake kwa dakika 20, na mara nyingi dakika 20 ndizo anazohitaji kupitiwa na usingizi.

Kama bado halali, ipo dawa ya maji ya mzio, klorofeniramini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Piriton. Kwa mtoto wa miaka 4 ni miligramu 1, yaani mililita 2.5 za ile yenye miligramu 2 ndani ya mililita 5, wakati wa kulala. Soma chupa yako, maana nguvu hutofautiana, na mwoneshe mfamasia kilo za mtoto. Inasaidia zaidi kwa kumletea usingizi kuliko kwa kuondoa muwasho wenyewe. Wa miezi 7 usimpe bila ya daktari.

Naja kwa mama mkwe, na hapa twende taratibu, kwa sababu huyu ndiye aliyekulelea mume na hutaki kumvunjia heshima. Hofu yake ya vipele kurudi ndani nadhani imetoka enzi za shurua, pale mtoto alipofifia vipele kisha akazidiwa na nimonia, na watu wakasema ni maji. Lakini ngozi haina mlango wa kurudishia vipele. Asiyeoga wiki nzima kwenye joto letu, na majasho yake na vidonda vyake, ndiye anayeota usaha. Mwambie hivi: mtoto haogeshwi, anakalishwa kwenye maji ya wanga kama dawa. Nimewaona bibi wengi waliokataa kuoga wakakubali dawa ya kukalia. Na mpe yeye kazi ya kukamua kile kitambaa.

Liwa siikatazi moja kwa moja. Ikiwa mbichi mwilini inapoza, kwa njia ile ile ya kalamaini. Shida yangu ni tatu. Ikikauka nene inafanya ganda, ganda likipasuka linavuta kipele na kukibandua. Pili, inaficha ngozi, usione pekundu wala pa usaha. Tatu ni lile jiwe la kusugulia na yale maji, mara nyingi si safi. Kwa hiyo kama bibi hana raha bila liwa, jiwe lioshwe kwa maji ya moto, liwa isuguliwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ipakwe nyembamba pale ambapo ngozi haijachubuka, isitiwe marashi wala manjano, na ioshwe kila jioni kwenye beseni. Kichwani isipakwe kabisa, inanata kwenye nywele na kuitoa ni kilio.

Mafuta ya karafuu mrudishie jirani kwa shukrani. Najua kwa watu wa Pemba kusema karafuu ina ubaya ni kama kumsema mtu wa nyumbani, lakini mafuta yale yamejaa yujenoli, kitu kile kile kinachotia ganzi jino, na kikiwa kikali hivyo kinaunguza ngozi ya mtoto, sembuse iliyochubuka. Akiyanywa, hata kiasi kidogo, yanaweza kumharibu ini na kumtia degedege. Kama yatabaki nyumbani, yawe juu ya kabati.

Mwarobaini najua watakuletea pia. Majani yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa, ukiyatia kwenye maji ya kukalia sioni dhara, wala sikuahidi muujiza. Kumnywesha ndiyo marufuku, hasa mafuta yake, ambayo yameshawatia watoto wachanga degedege na kuzimia. Poda nayo usimmwagie. Mwanangu wa kwanza, shangazi yake alimpaka poda mwili mzima ili "vikauke", ikaganda na majimaji ya vipele, ikanichukua jioni nzima kumlowesha mpaka itoke, yeye analia na mimi nalia. Kuwapeleka pwani wakaoge maji ya chumvi ni mateso ya bure. Krimu za mchanganyiko za dukani, zile wauzaji wanazosema zinatibu kila kitu cha ngozi, nyingi zina steroidi, dawa inayopunguza kinga ya ngozi, na steroidi juu ya kirusi hiki ni kukipa nafasi.

Kuhusu homa, parasetamoli mliyopewa inatosha. Kwa kilo zake 16 ni miligramu 160 mpaka 240 kwa mara moja, yaani kama mililita 7 mpaka 10 za ile ya miligramu 120 kwa mililita 5. Zipite saa 4 mpaka 6 baina ya dozi na dozi, zisizidi dozi 4 kwa siku moja. Haiondoi muwasho, usiiongeze kwa sababu anajikuna. Ibuprofeni na diklofenaki usimpe, zimehusishwa na vidonda vya tetekuwanga kuoza vibaya. Aspirini kabisa usimpe, wala sasa wala siku zile zinazofuata. Kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa nadra wa ini na ubongo unaoua.

Vipele vya mdomoni vinamuuma, huenda akakataa kula. Mpe vitu baridi na laini: maji ya dafu, uji uliopoa, mtindi usio na sukari nyingi, malai ya maziwa. Achari, ndimu, embe mbichi na urojo vikae kando, hata akililia. Kula kidogo siku mbili tatu si neno, ila kunywa ni lazima. Akilia wakati wa kukojoa, huenda vimemtoka na sehemu za siri. Mkalishe kwenye beseni akojolee humo humo majini, haitamchoma.

Yule mtoto wa miezi 7 mnyonyeshe kama kawaida. Kumtenga sasa kumechelewa, kwa sababu tetekuwanga huambukiza tangu siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, na ndani ya nyumba moja asiye na kinga ni nadra kuepuka kuambukizwa. Kama wewe uliugua zamani huenda bado ana sehemu ya kinga yako, lakini kwa miezi 7 imeshapungua. Jitayarishe tu. Vipele huonekana siku 10 mpaka 21 baada ya kuambukizwa, wengi kwenye wiki ya pili, na mtoto wa pili nyumbani mara nyingi hutoka vingi kuliko wa kwanza. Vikimtoka, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo kwa umri wake. Mavazi ya plastiki yale ya kumfunga mkojo mpunguzie, mlaze juu ya kanga makalio wazi kadiri unavyoweza. Ungeniuliza kuhusu chanjo: ipo, Michiaki Takahashi wa Japani aliiunda miaka ya 1970, lakini haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wetu kama ilivyo ya shurua.

Ukiona haya usingoje asubuhi: anahema kwa shida au haraka, amelegea haamki vizuri, anayumba akitembea, shingo imekakamaa, ana degedege, anatapika bila kukoma, au hajakojoa tangu asubuhi mpaka jioni. Vilevile ngozi ikivimba, ikawa ya moto, nyekundu inayotambaa na inauma kuliko kuwasha, au ikitoa usaha. Na homa: ikipita siku ya nne, au ikishuka kisha ikapanda tena. Hiyo ya kupanda tena akina mama huipuuza sana, wakidhani ni ile ile.

Kila kipele kikishafanya gamba kikakauka, hakuna kipya na hakuna chenye maji, hawezi tena kumwambukiza mtu. Kwa kawaida ni siku 5 mpaka 7 tangu vilipoanza, kwa hiyo skuli na chuo cha Kurani arudi kwenye Jumatatu hivi, lakini umkague kwa macho, usihesabu kalenda pekee. Magamba yasibanduliwe. Hapo ndipo mafuta ya nazi yanapofaa, kidogo tu, yanalainisha na kupunguza muwasho wa kukauka. Madoa meusi yatabaki miezi kadhaa kisha yafifie. Vishimo hubaki pale palipobanduliwa au palipoota usaha.

Imebaki harusi. Kijana, Ijumaa ya wiki ijayo, atakuwa ameshakauka. Yeye angeweza kusafiri. Tatizo ni wa miezi 7. Aliambukizwa, kama aliambukizwa, kuanzia Ijumaa au Jumamosi iliyopita. Hesabu mpaka siku ya harusi, utapata kama wiki mbili kamili, yaani siku zile zile ambazo anaweza kuwa anaambukiza na hana hata kipele kimoja. Ndani ya boti kutoka bandari ya Mkoani kuna wajawazito, na harusini atabebwa na kila mtu, kila shangazi atataka kumbusu. Usimpeleke. Wewe unanyonyesha, kwa hiyo na wewe utabaki naye Konde. Baba yao aende akawawakilishe, na hata yeye iwe tu kama aliwahi kuugua. Wifi safari yake aamue daktari, si tiketi. Kaulizeni leo kama tiketi zinabadilishwa, zimebaki siku za kutosha.